Barua ya wazi kwa waandaaji wa hija yetu: Assisi mlitufikisha, mji hamkutuonyesha

Kwa Mkurugenzi na Kamati ya Maandalizi ya Hija,

Tumsifu Yesu Kristo.

YAH: SAA NNE NA NUSU ZA ASSISI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa mahujaji 38 mliotupeleka Italia Oktoba 2025, mwaka wa Jubilei. Ndani ya basi nilikaa kiti namba 17, dirishani. Nimefundisha historia sekondari hadi nikastaafu, kwa hiyo muda wa kuandika barua ninao, na hii ni ya nne kwenu. Ya kwanza niliileta ofisini kwa mkono wangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili na ya tatu nilizituma kwa barua pepe. Nilipopiga simu niliambiwa, "Mama, tunalishughulikia." Nilipouliza kwenye kundi letu la WhatsApp, niliondolewa kwenye kundi. Ndiyo maana leo nasema hadharani. Jina la kampuni yenu silitaji. Wenyewe mnajijua.

Siandiki kuwavunjia heshima. Viza zilitoka kwa wakati, Roma tulilala pazuri, na mzee wetu alipougua usiku mlimkimbiza hospitali bila kusuasua. Kwa hayo nawashukuru mbele ya watu wote. Malalamiko yangu ni ya siku moja tu, siku ya Assisi, au Asizi kama tunavyoitamka kanisani, mji alikozaliwa na kuzikwa Mtakatifu Fransisko. Kipeperushi chenu kiliahidi kwamba tungetembea ndani ya mji wa kale wenye kuta juu ya kilima, tungeshuka kwenye kanisa la San Damiano, na tungesali kwenye basilika ya Mtakatifu Klara, mfuasi wa Fransisko. Mimi fedha ya safari hiyo niliikusanya miaka miwili kwenye kikoba. Wapo walioshikwa mkono na jumuiya zao ndogo ndogo, mia tano kwa mia tano.

1. Muda

Tuliondoka Roma saa 1 asubuhi. Saa 4 kasorobo tulikuwa Santa Maria degli Angeli, kwenye tambarare chini ya mji, ambako ndani ya kanisa kubwa kuna kikanisa kidogo cha Porziuncola. Hapo tulipewa nusu saa. Saa 5 tukawa tumepanda kwenye Basilika ya Mtakatifu Fransisko. Misa saa 6. Chakula kuanzia saa 7 na robo hadi saa 8 na nusu. Duka la zawadi hadi saa 9 na nusu, basi likawashwa.

Hesabu ni yenu, mimi najumlisha tu. Mgahawani na dukani tulikaa saa mbili na robo. Kaburini kwa Fransisko sidhani kama mtu alifikisha dakika tano, maana mwongozaji alikuwa akipunga kile kibendera chake kama trafiki. Kaburi hilo lilifichwa chini ya altare kwa karne nyingi hadi lilipofukuliwa mwaka 1818. Sisi tulilipita kama tunapita kaunta ya benki.

2. Mji

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana ndipo hasa paniumapo.

Assisi umekaa ubavuni mwa mlima Subasio, mkoa wa Umbria. Ukiwa bondeni unauona wote kwa mara moja: nyumba za mawe yenye rangi ya waridi na nyeupe, yaliyochongwa mlimani palepale, minara ya makanisa, ukuta na malango yake, na juu kabisa ngome ya Rocca Maggiore. Mwongozaji aliinyooshea kidole kupitia kioo cha basi, akasema ni ngome ya zamani, kisha akaendelea kutueleza mahali pa kununulia maji ya kunywa kwa bei nafuu.

Habari yote ya Fransisko inaanzia kwenye ile ngome. Mwaka 1198 ilikuwa mikononi mwa Konrad wa Urslingen, mtu wa Kaisari wa Ujerumani. Wananchi wa Assisi waliipandia wakaibomoa, mji ukaanza kujitawala. Fransisko, mtoto wa muuza vitambaa Pietro di Bernardone, alikuwa kijana wa miaka 16 au 17. (Ngome inayoonekana leo ilijengwa upya katika miaka ya 1360 na Kadinali Albornoz, aliyetumwa kuirudisha miji hiyo chini ya Papa.) Adui alipoondoka, wenyeji wakageukiana wenyewe kwa wenyewe, wakubwa na wadogo, maiores na minores kama walivyoitwa kwa Kilatini. Baadhi ya wakubwa walikimbilia Perugia, mji jirani wenye uhasama na Assisi. Mwaka 1202 miji hiyo miwili ikapigana pale Collestrada, Assisi ikashindwa, na Fransisko akachukuliwa mateka. Alifungwa Perugia kama mwaka mmoja, akarudi kwao mgonjwa. Mapatano makubwa kati ya watu wa Assisi yaliandikwa mwaka 1210.

Mtu akishasikia hayo, halafu aambiwe kwamba Fransisko aliwapa wenzake jina la Ndugu Wadogo, fratres minores, lazima akae sawa kwenye kiti. Parokiani kwetu tunahudumiwa na Wakapuchini, ambao nao ni Ndugu Wadogo. Jina hilo nimelitamka tangu Komunyo ya Kwanza, na sikujua kwamba kabla ya kuwa jina la watawa lilikuwa jina la watu wa chini katika ugomvi wa mitaa ile. Hayo niliyasoma mwenyewe niliporudi nyumbani. Kwenye basi lenu hakuna aliyetuambia.

Na ukuta je? Wenye ukoma, ambao Fransisko aliwahudumia, waliishi nje ya mji. San Damiano, lile kanisa bovu ambamo inasimuliwa msalaba ulisema na Fransisko, liko nje ya ukuta. Porziuncola iko nje, bondeni. Hata kilima ilipojengwa basilika kilikuwa nje, na inasimuliwa kwamba ndipo waliponyongewa wahalifu, watu wakipaita Kilima cha Jehanamu hadi alipozikwa yeye pakageuzwa jina kuwa Kilima cha Paradiso. Mambo mengi makubwa ya maisha yake yalimtaka atoke langoni. Sisi langoni hatukusimamishwa hata mara moja tukaambiwa: tazameni, alipita hapa, aliacha hiki akaelekea kule.

Basilika ina makanisa mawili, moja juu ya jingine. Ndani ya kanisa la juu kuna picha 28 za ukutani zinazosimulia maisha yake, ambazo kwa kawaida zinatajwa kuwa kazi ya Giotto. Tulizipitia kwa mwendo wa maandamano. Ya kwanza inamwonyesha mtu wa kawaida akitandika vazi lake chini ili Fransisko alikanyage. Nyuma yao kuna jengo la nguzo nyembamba na, kando yake, mnara. Nikamuuliza mwongozaji hapo ni wapi. Akasema ni mapambo ya mchoraji.

Si mapambo. Ni uwanja wa mji, Piazza del Comune, mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka pale tuliposimama. Nalijua hilo kwa sababu wenzangu walipokuwa dukani mimi niliondoka. Nilipanda Via San Francesco peke yangu, miguu yangu hii ya miaka 64, nikatokea uwanjani, na jengo la pichani likawa limesimama mbele yangu: hekalu la Minerva, la karne ya kwanza kabla ya Kristo, kutoka enzi za Warumi walipouita mji huo Asisium. Siku hizi ni kanisa la Bikira Maria. Nguzo zake ni sita. Mchoraji alichora tano, naye akaonyesha madirisha yenye nondo, maana zama hizo jengo lilitumika kama jela. Mnara wa kando yake, Torre del Popolo, ulikamilika mwaka 1305. Pichani haujafika juu, na ndivyo wataalamu wanavyokadiria picha ilichorwa lini. Nimefundisha historia maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuushika ushahidi wa namna hiyo kwa macho yangu mwenyewe.

Chini ya mnara huo, ukutani, kuna vipimo rasmi vya mji vya mwaka 1348: kipimo cha tofali, cha kigae, na cha kitambaa. Mnunuzi aliyehisi amepunjwa angeweza kuja hapo kuhakiki. Marehemu baba yangu aliuza vitambaa sokoni Moshi, na rula yake ya yadi ililiwa na mikono ya wateja hadi ikang'aa. Nilisimama pale nikamfikiria yeye, nikamfikiria na mzee Pietro di Bernardone, ambaye tunamsema vibaya kwenye kila mahubiri, akipima vitambaa kwenye mji ambao mwanawe aliuvua kama vazi. Katika hija nzima, hapo ndipo nilipotokwa na machozi. Nilikuwa peke yangu, na kwa mujibu wa ratiba yenu nilikuwa mtoro.

Mshairi Mjerumani Goethe alipita Assisi mwaka 1786, akaipita basilika bila kujali, akaenda moja kwa moja kuliona hekalu la Minerva. Ninyi mlifanya kinyume chake. Mngekutana naye njiani mngesalimiana tu.

3. Maelezo yenye makosa, tena kwa lugha isiyoeleweka

Mwongozaji alisema Kiingereza cha haraka kupitia vile vipokea sauti vya masikioni. Nusu ya kundi hawakumfuata, na kiongozi wenu aliyetoka nasi Tanzania alikuwa nyuma akishughulikia malipo ya chakula. Waliomfuata nao waliambiwa mambo yasiyo sahihi. Tuliambiwa pango la Noeli la kwanza lilitengenezwa Assisi. Lilitengenezwa Greccio, mwaka 1223, na hapo basilikani kuna picha yake. Tuliambiwa Sala ya Amani imeandikwa na Fransisko mwenyewe, kisha tukapelekwa kwenye duka linaloiuza kwenye karatasi iliyokunjwa ionekane ya kale. Sala hiyo ni nzuri na nitaendelea kuisali, ila ilionekana kwa mara ya kwanza kwenye jarida dogo la Ufaransa mwaka 1912, bila jina la mwandishi.

Mama mmoja aliuliza kwa nini dari ya kanisa la juu ina sehemu zilizobaki tupu. Hakujibiwa. Jibu ni kwamba tarehe 26 Septemba 1997 tetemeko la ardhi liliangusha sehemu ya dari hiyo, likaua watu wanne waliokuwa ndani, mafrateri wawili na mafundi wawili waliokuwa wakikagua uharibifu wa tetemeko la usiku huohuo. Tulikuwa na padre kwenye kundi. Tungeambiwa, tungewaombea marehemu hao tukiwa palepale.

4. Mahali palipoahidiwa tusipofika

San Damiano hatukufika. Ndipo Fransisko, akiwa mgonjwa na karibu haoni, alipotunga wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa jua, mwezi, maji na moto. Ndipo pia Klara alipoishi na dada zake hadi kufa kwake mwaka 1253. Basilika ya Klara hatukufika, na ule msalaba uliosema na Fransisko sasa umetundikwa humo. Watu kadhaa walirudi Tanzania wakiamini wameuona, kwa sababu nakala yake ilikuwa ukutani dukani. San Rufino, kanisa kuu lenye kisima cha ubatizo walichobatizwa Fransisko na Klara, halikutajwa hata kwa jina. Na vijana wetu watatu, waliokuja kwa ajili ya Carlo Acutis, kijana wa Kiitaliano aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, wiki chache tu kabla ya safari yetu, waliambiwa mwili wake uko mbali. Uko ndani ya mji uleule, kwenye kanisa la Santa Maria Maggiore, mahali Fransisko alipovua nguo zake mbele ya askofu akamrudishia baba yake.

5. Nilivyotendewa

Nilirudi kwenye basi nimechelewa dakika saba. Niliomba radhi mbele ya wote, na leo naomba tena. Ila kunitolea sauti mbele ya watu ninaoweza kuwazaa, na kuniambia kwamba wazee wakaidi ndio wanaoharibu safari, hakukustahili. Hilo tuliache hapo.

Najua mtakavyojibu, kwa sababu vipande vya majibu hayo nimekwisha kuvisikia kwenye simu.

Mtasema hija si utalii, na mawe ni ya watalii. Aliyezikwa pale ni mtu aliyeanza kumjibu Mungu kwa kubeba mawe, akaikarabati San Damiano kwa mikono yake. Zaidi ya hapo, imani ya mji ule haikuishia kaburini. Wakati wa vita, mwaka 1943 na 1944, Askofu Giuseppe Placido Nicolini aliagiza Wayahudi wafichwe, watawa wakawafungulia milango ya konventi zao, na mpiga chapa Luigi Brizi na mwanawe Trento wakawatengenezea vitambulisho bandia. Inakadiriwa walioponea hapo ni takriban 300. Konventi hizo zimo kwenye mitaa mliyoona haina haja kuipita.

Mtasema wazee hawawezi kupanda. Hili nalikubali nusu. Mji una miteremko mikali, na mwenye magoti mabovu atateseka akipanda kutoka basilika. Basi msimpandishe. Basi dogo la mji, linalotoka stesheni ya treni bondeni, linafika Piazza Matteotti, sehemu ya juu. Mkianzia hapo, mnateremka: San Rufino, uwanja wa Minerva, kwa Klara, halafu polepole hadi basilika, ambako basi la kundi linawasubiri. Safari ileile, ila miguu inasaidiwa na kilima badala ya kupigana nacho. Nilimweleza hili ofisa wenu, akasema ni wazo zuri, akaniuliza kama nina oda ya safari nyingine.

Mtasema gharama. Kuingia makanisani hakuna kiingilio. Kinachogharimu ni usiku mmoja wa malazi, na huo unaweza kutoka kwenye zile siku mbili za "mapumziko na manunuzi" tulizopewa Roma.

Mnatangaza sasa safari ya Oktoba 2026, miaka 800 tangu Fransisko afariki jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Nimeiona ratiba. Roma saa 1 asubuhi, Porziuncola nusu saa, basilika, chakula, duka. Hamkubadilisha hata saa ya duka. Mwaka huo mji utafurika watu kuliko tulivyoukuta sisi, na foleni ya kaburini itakula hizo dakika tano pia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, kwa niaba yangu na ya wenzangu kumi na mmoja walioniruhusu kuwasemea:

(a) Ratiba ya 2026 iwe na angalau usiku mmoja Assisi, ndani ya mji au bondeni Santa Maria degli Angeli.

(b) Siku hiyo iwe na matembezi ya kuteremka kutoka Piazza Matteotti hadi basilika, pamoja na San Damiano, na wasioweza kutembea watafutiwe usafiri.

(c) Maelezo yatolewe kwa Kiswahili. Roma imejaa mapadre na masista wetu wanaosoma vyuoni, wanaojua Kiitaliano na wanaotujua sisi. Mmoja wao akipewa nauli na posho ya siku mbili, tatizo limekwisha.

(d) Sisi tuliosafiri 2025 turudishiwe sehemu ya fedha kwa mahali palipoandikwa kwenye kipeperushi tusipofikishwa. Kama hamuwezi, mtuandikie barua ya kuomba radhi inayotaja mahali hapo kwa majina, si ile ya "kwa usumbufu wowote uliojitokeza".

(e) Nirudishwe kwenye kundi la WhatsApp. Picha zetu za pamoja zote ziko humo.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 21. Wifi yangu ameshawalipa kianzio cha safari ya Oktoba. Risiti yake ninayo hapa mezani, na amesema hatamalizia kiasi kilichobaki mpaka aone ratiba mpya.

Wenu katika Kristo,

Hujaji wa kiti namba 17

Nakala: Paroko wetu, viongozi wa jumuiya zilizochangia safari, mahujaji wenzangu wa Oktoba 2025